Bunduki moja, kazi mbili: kuchagua kaliba ya raifo ukiwa Malindi

Swali huja hivi: "Ami, vijisenti vimepatikana. Ninunue kaliba gani?" Anayeuliza keshatazama video za Wamarekani usiku kucha, na kichwani ana majina saba ya kaliba, yaani saizi za risasi na mtutu, kila moja likisifiwa kwamba halina mfano. Simjibu papo hapo. Humuuliza risasi atazinunua wapi, bunduki ataifyatulia wapi, na mnyama anayemtaka yuko nchi gani. Akishajibu hayo matatu, kaliba huwa imebaki moja au mbili.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekaa Malindi, Watamu au hata Lamu, anayetaka raifo moja ya bei ya kuvumilika, ya kulengea shabaha mwaka mzima na kuwindia pale anapojaliwa safari. Kwa asiye na subira nasema mapema ninakoelekea: .22 LR ya kujifunzia, .308 Winchester ya kazi zote mbili, na ile kubwa ya nyati uikodi huko huko utakakowinda. Sababu zangu ni hizi, na huenda zako zikakupeleka kwingine.

Hatua ya 1: Jua bunduki itafanya kazi wapi

Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikashikilia hapo hapo. Kwa mtu wa Malindi maana yake ni kwamba hakuna mnyama wa porini utakayempiga kihalali kati ya Sabaki na Tsavo: si paa nunga wa Arabuko-Sokoke, si digidigi wa nyuma ya Langobaya, si ngiri anayekumalizia mihogo. Mnyama akivamia shamba, wanaoitwa ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Kwa hiyo hapa nyumbani raifo yako ni ya shabaha, tena kwenye uwanja uliokubaliwa. Kopo juu ya kichuguu kule shambani si uwanja. Risasi ya .22, ndogo kuliko zote utakazozisoma hapa, huweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na ya .308 zaidi ya kilomita tatu. Ukikosa kopo huko Ganda, hujui risasi imekwenda kutua ua la nani.

Kuwinda ni safari ya nje. Tanzania na Uganda zinaruhusu kwa leseni. Ukiwa Mkenya unaingia Tanzania kama mgeni: unapitia kampuni yenye kibali, unafuatana na mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori, na kila mnyama ana bei yake kabla hujaondoa bunduki begani. Msimu hufunguliwa Julai.

Upande wa kumiliki, sheria ni ile ya silaha, Sura ya 114, na mwenye neno ni Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Utahojiwa, utapimwa, utaleta cheti cha tabia njema, na utaonyesha pa kuihifadhia. Jambo linalosahaulika ni kwamba cheti huandikwa kwa bunduki maalumu: kaliba yake, nambari yake, na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Ukichoka na kaliba yako baada ya mwaka, huendi dukani kubadilishana kama simu. Unaanza foleni upya. Ndiyo maana inafaa kuumiza kichwa sasa. Na usidanganyike na bunduki ya upepo iliyoachwa na mgeni aliyerudi kwao Ulaya. Nayo uiulizie kibali kabla ya kuishika.

Hatua ya 2: Anza na risasi, si bunduki

Ingia duka la silaha lenye leseni, uwe na subira, uombe uonyeshwe rafu ya risasi. Usiulize wanaweza kuagiza nini. Uliza wana nini leo, walikuwa na nini mwaka jana, na mzigo ukiisha huchukua muda gani kufika mwingine. Andika. Risasi zetu huletwa kwa meli au ndege kutoka ng'ambo na kila shehena ina vibali vyake, hivyo kaliba isiyo na wateja wengi huletwa mara moja, ikaisha, na mwenye duka akasema "labda mwezi wa tisa" bila kutaja mwaka.

Hapo ndipo kaliba nyingi nzuri hufia. Jirani yako Mtaliano wa Casuarina atakusifia kaliba anayowindia nguruwe mwitu kwao. Anasema kweli, na mkinywa kahawa pamoja utajifunza mengi. Lakini kwao risasi ziko duka la mtaani, na kwako ziko Mombasa au Nairobi, kama zipo.

Kaliba ninazoziona zina uhai mrefu ni zile zinazotumiwa na watu wengi duniani: .22 LR, .223 Remington, .308 Winchester, .30-06 Springfield na .375 H&H Magnum. Chini yao kuna .243 Winchester na 6.5 Creedmoor, ambazo ni nzuri mno lakini uhakikishe duka lako linaziweka. Zaidi ya hapo unanunua kwa mapenzi, na mapenzi hayana mwongozo.

Bei zenyewe hubadilika na dola, sizitaji. Mpangilio wake haubadiliki: .22 ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa mbali; .223 hufuata; .308 iko katikati; .30-06 inazidi kidogo; .375 kila ukifyatua unasikia noti ikichanika.

Hatua ya 3: Soma majina vizuri

Kaliba ni kipenyo. .308 ni sehemu 308 za elfu moja za inchi, yaani milimita 7.8. Lakini kipenyo peke yake hakitoshi kuitambulisha risasi. .308 Winchester na .30-06 hubeba kichwa cha risasi cha kipenyo kile kile, ila ganda la kwanza lina urefu wa milimita 51 na la pili 63. Ukizichanganya, bunduki haifungi au inafunga vibaya. Kanuni ni moja: maandishi yaliyogongwa kwenye kitako cha ganda yalingane neno kwa neno na yaliyochorwa kwenye mtutu.

Kuna jozi mbili zinazowaponza watu. Ya kwanza ni .223 Remington na 5.56 ya kijeshi. Kwa macho ni pacha, lakini 5.56 hubeba shinikizo kubwa zaidi, na chemba ya .223, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, imebanwa zaidi mwanzoni mwa mifuo, ile mistari ya kuzunguka iliyochongwa ndani ya mtutu. Usitie 5.56 kwenye bunduki iliyoandikwa .223. Ya pili ni .308 na 7.62x51 ya NATO. Hapa vipimo vya chemba vinatofautiana kidogo na unene wa ganda pia. Wengi huzitumia bila madhara, ila mimi humwambia mtu anunue zilizoandikwa .308, alale usingizi.

Uzito wa kichwa cha risasi hupimwa kwa greni. Greni 15 ni karibu gramu moja. Kwa hiyo risasi ya greni 150 ina kichwa cha gramu 10 hivi.

Hatua ya 4: Linganisha wagombea

Hapa ndipo penye mazungumzo marefu, nami sitaharakisha.

.22 LR ilitoka mwaka 1887 na bado haijapata mpinzani katika kazi ya kumfunza mtu. Haipigi teke begani unapofyatua, haipasui masikio, na ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya kimataifa ya mita 50, ambako duara la pointi kumi lina upana wa milimita 10.4 tu. Ukiilinganisha na lengo kwa mita 50, kwa mita 100 itakuwa imeshuka pungufu kidogo ya shibiri. Kushuka huko ndiko kunakufundisha kukadiria umbali na kusoma upepo, somo ambalo ukilisoma kwa .308 utalilipia mara nyingi zaidi. Kwa kuwinda huko Tanzania haina kazi.

.223 hurusha greni 55 kwa mwendo wa karibu mita 980 kwa sekunde. Kwa shabaha ni raha tupu: teke jepesi, risasi za bei nafuu, na mpaka mita 300 ni sahihi sana. Kwa mnyama ni ndogo. Paa na swala wadogo utawaangusha ukipiga mahali pake. Swala pala ni kubahatisha, na kongoni ni dhambi. Mtu anayejua kwamba hatawinda kabisa, au atawinda mara moja katika maisha yake kwa bunduki ya kukodi, akanunua .223, sina la kumlaumu.

.243 ilitoka mwaka 1955 kwa kulibana shingo ganda la .308. Greni 100 kwa mita 900 kwa sekunde, teke lake karibu nusu ya la .308. Kwa mwanamke, kijana, au mtu mwenye bega bovu ndiyo ningeitazama kwanza. Swala pala, tohe, pongo, ngiri: wote wanakwenda. Kasoro zake ni mbili. Mtutu wake huchakaa mapema, maana baruti nyingi inapita kwenye tundu dogo. Anayelenga shabaha kila wiki ataanza kuona matundu yakitawanyika baada ya risasi elfu mbili hivi. Na kwa nyumbu au kongoni haikuachii nafasi ya kukosea hata kidogo.

6.5 Creedmoor ndiyo kipenzi cha video. Ilitoka 2007 kwa ajili ya shabaha za mbali, na inafanya kile inachosifiwa. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao kwetu wakati wa kusi huo ni upepo wa kawaida tu, utaisogeza .308 ya mashindano karibu sentimita 18 au 20 kwa mita 300. Creedmoor itasogea kama 14. Ni tofauti ya kweli. Lakini uwanja wako una mita ngapi? Ukiwa unapiga mita 100 na 200, umenunua faida usiyokuwa na mahali pa kuitumia, ukalipia risasi zisizopatikana kirahisi. Kama una uwanja wa mbali na duka la uhakika, basi chukua, na usinisikilize.

.30-06 ni ya mwaka 1906 na imewinda kila pembe ya Afrika. Inazidi .308 kwa nguvu, hasa kwa vichwa vizito vya greni 180 na zaidi. Inazidi pia kwa teke, kwa urefu wa bunduki na kwa bei. Mtu ambaye kuwinda ni robo tatu ya nia yake na shabaha ni robo, achukue hii.

Tunafika .308 ya mwaka 1952. Greni 150 kwa mita 860 kwa sekunde, au 165, au 168 za shabaha, au 180. Mwenye chombo kimoja hanunui ngalawa ya mashindano. Hununua kitakachovua kikavuka mkondo na mzigo. .308 ni chombo hicho. Mtutu wake hustahimili risasi elfu tano na zaidi kabla ya kupoteza ukali. Mashindano ya raifo ya mita 300 yanayosimamiwa na ISSF, shirikisho la kimataifa la shabaha, hayaruhusu kaliba inayozidi milimita 8, nayo iko ndani ya mpaka. Kwa wanyama inatosha kuanzia swala pala mpaka nyumbu, punda milia, kuru na palahala, alimradi masafa yasizidi uwezo wako. Pofu dume anayekaribia kilo 900 ni mzigo mwingine. Anapigika, ila kwa kichwa kizito cha risasi, karibu, na kwa mkono usiotetema.

Kaliba ya .375 H&H, ya mwaka 1912, naitaja ili uiache. Tanzania inataka isiyopungua .375 kwa nyati, simba na tembo, na hilo halina mjadala. Lakini teke lake ni zaidi ya mara mbili ya .308, na hutaifyatua uwanjani kwa furaha. Kampuni nyingi za uwindaji hukodisha. Lipia siku zako, itumie, irudishe.

Atatokea mtu barazani akuambie habari za Bell, yule Mskoti aliyeua tembo zaidi ya elfu moja mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa 7x57, kaliba ndogo kuliko .308. Ni kweli. Bell alipasua mafuvu ya tembo akajua ubongo umelala wapi kutoka kila upande, na alikuwa na mkono ambao mimi na wewe hatuna. Na kabla ya kwenda mbali, Waata wa bara yetu hii ya Malindi walimwangusha ndovu kwa upinde mzito na mshale wa sumu ya mchungu. Walimkaribia hatua chache, wakajua ngozi imelegea wapi. Hadithi zote mbili zinahusu ukaribu na ujuzi wa mwili wa mnyama. Hakuna hata moja inayokuruhusu kununua kaliba ndogo.

Hatua ya 5: Chagua bunduki yenyewe

Chukua ya kukoki kwa mkono. Ni sahihi, ni nafuu, haichagui risasi, na haileti maswali. Zile zinazojikoki zenyewe Tanzania haizikubali kwa uwindaji, na kwa Kenya zinakuongezea maelezo usiyoyahitaji. Mtutu wa sentimita 56 hivi unatosha. Uzito wa kilo tatu na nusu pamoja na darubini ni wa kubebeka kutwa na bado unapunguza teke.

Uliza mzunguko wa mifuo. Kwa .308 mfuo ukizunguka mara moja kila inchi 10, utatuliza greni 150 mpaka 180 bila taabu. Kwa .223 angalia zaidi: mzunguko wa inchi 12 unataka vichwa vyepesi vya 55 kushuka chini, na wa inchi 8 ndio utakaokubali 69 na 77 za mashindano. Muuzaji asiyejua jibu hili muombe alitazame kwenye kijitabu cha bunduki.

Darubini ya kukuza mara 3 mpaka 9, kioo cha milimita 40, inatosha kazi zote mbili. Bora uweke pesa kwenye vishikio vyake kuliko kwenye ukuzaji wa mara 25 utakaokuonyesha mapigo ya moyo wako mwenyewe.

Kuhusu chuma: nimewahi kumulika tochi ndani ya mtutu wa bunduki iliyokaa nyumba ya ufukweni. Kwa nje ilikuwa inang'aa, mwenyewe aliipangusa kila Ijumaa. Ndani, upana wa vidole vitatu kutoka mdomoni, kulikuwa na vidoa vya rangi ya machungwa vimefuata mifuo mstari kwa mstari. Chumvi ya bahari haingoji mvua. Kama nyumba yako inasikia mawimbi, tafuta mtutu wa chuma cha pua na kitako cha plastiki ngumu, hata kama cha mbao kinapendeza zaidi. Ubao mzuri hujaa unyevu wakati wa kusi, ukabonyea upande ukagusa mtutu, na shabaha yako ikahama bila wewe kugusa kitu.

Pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi ndani ya mtutu kila wiki mbili, upige au usipige, na uukaushe mtutu kabla ya kufyatua. Usiiweke ndani ya mkoba wa ngozi au wa sponji. Sponji hunyonya jasho la hewa likalala juu ya chuma. Kabati la chuma, vifuko vya kunyonya unyevu, na risasi kando chini ya kufuli yake. Ganda lililoanza ukungu wa kijani lifutwe likiwa bado jepesi. Likiwa na vishimo, litenge.

Hatua ya 6: Nunua aina mbili za risasi, si moja

Kaliba moja hufanya kazi mbili kwa sababu ya vichwa vya risasi. Za shabaha kwa .308 ni kama zile za greni 168 zenye tundu dogo kwenye ncha na mkia uliochongwa. Zimetengenezwa zitue pale pale kila mara, hazikutengenezwa zimpasukie mnyama ipasavyo. Zilizofunikwa shaba kote ni nafuu kwa mazoezi, lakini kwa swala hupita kama sindano, akakimbia mbali akafia kichakani, chakula cha fisi. Za kuwindia zina ncha laini ya madini ya risasi yaliyo wazi, au zimetengenezwa kwa shaba yenye kufunguka. Zinapoingia hutanuka.

Kwa .308 anza na greni 165 au 180 za ncha laini ukitazamia kongoni na nyumbu, na 150 ukitazamia swala pala. Nzito zinakwenda polepole kidogo na haziharibu nyama nyingi. Vichwa vyepesi vyenye kasi kubwa huacha bega zima limevilia damu, na bega hilo ni pilau lililopotea.

Hapa ndugu zangu Waislamu wana hesabu yao. Wengi huuliza juu ya uhalali wa nyama ya bunduki, na jibu lake mwendee shekhe wako, maana maulamaa wana maelezo yao. La kiufundi ndilo ninaloweza kulisema. Kambi nyingi za Tanzania zina Muislamu miongoni mwa wafuatiliaji nyayo ambaye mnyama akianguka hukimbia na kisu. Waambie mapema kwamba unataka mnyama achinjwe. Kisha chagua masafa mafupi, chini ya mita 150, ili mtu afike mnyama akiwa bado hai. Bismillahi yako isome kabla kidole hakijagusa kifyatulio.

Nunua pakiti za nambari moja ya shehena. Nambari imepigwa mhuri ndani ya mdomo wa boksi. Shehena mbili za jina moja huweza kutua vidole viwili mbalimbali. Na usiache risasi ndani ya gari lililokaa juani pale sokoni. Baruti ikishika joto, shinikizo hupanda na shabaha hubadilika.

Hatua ya 7: Linganisha darubini, kisha fanya mazoezi ya kweli

Uwanja wa Kirigiti, Kiambu, unajulikana na wamiliki wengi wa silaha, na upande wa Mombasa vipo vilabu vya shabaha. Jiunge kwanza kama mgeni. Utapata kufyatua kaliba za wenzako kabla ya kununua yako, na bega lako litapiga kura yake. Vaa kinga ya masikio hata kwa .22.

Anza mita 25, ili ujue walau risasi iko kwenye karatasi. Sogea 100. Piga tatu taratibu, usirekebishe baada ya kila moja. Tazama kundi la matundu matatu, ndipo uzungushe kitufe. Darubini nyingi husogea milimita 7 kwa kila mlio wa kitufe kwa mita 100. Kwa shabaha, weka katikati kwa mita 100. Utajua kwamba .308 ya greni 150 itashuka kama sentimita 12 kwa mita 200 na zaidi ya 40 kwa mita 300. Kwa kuwinda, iinue sentimita 5 juu ya katikati kwa mita 100. Hapo kwa mita 200 itakuwa chini kidogo tu ya katikati, na hutahitaji kupiga hesabu nyumbu akikutazama.

Bunduki ikiwa juu ya mifuko ya mchanga mezani, karibu kila mtu ni bingwa. Porini hakuna meza. Utapiga ukiwa umesimama, mtutu umeegemea fito tatu zilizofungwa pamoja, pumzi imepanda, na mwindaji bingwa anakunong'onezea "sasa, bwana, sasa." Kata fito zako tatu hapa hapa, fanya nazo mazoezi kwa .22 kila unapopata nafasi ya uwanja, na kwa .308 umalizie kwa chache tu. Sahani ya chai iwe kipimo chako: umbali ambao risasi zako zote zinaingia ndani ya sahani ukiwa umesimama, huo ndio umbali wako wa kuwinda. Kwa wengi ni mita 100. Ukimwambia mwindaji bingwa ukweli huo siku ya kwanza, atakukaribisha mnyama badala ya kukupigisha mbali.

Hatua ya 8: Panga karatasi za safari mapema

Bunduki kutoka Kenya inahitaji kibali cha kutoka na kibali cha kuingia Tanzania kwa muda, na kampuni iliyokualika ndiyo husaidia upande wa pili. Iwe umepitia Lunga Lunga na Horohoro kwa gari, au umepanda ndege, nambari kwenye kila karatasi ilingane na iliyochongwa kwenye bunduki. Linganisha mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kutoka Malindi. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu risasi zisizozidi kilo 5 kwa abiria, ndani ya boksi lake, kwenye mzigo unaopimwa. Kwa .308 hizo ni karibu 200, na hutahitaji hata robo yake. Chukua za shehena ile ile uliyolinganishia darubini, hesabu uliyoondoka nayo iandikwe, na utakayorudi nayo iandikwe pia, kwa sababu cheti chako kina ukomo wa idadi na ofisa wa mpakani anajua kuhesabu. Ukifika kambini, kabla ya yote, omba ufyatue mbili kwenye karatasi. Darubini iliyotingishwa kwa saa kumi za barabara huenda imehama, na ni nafuu uligundue hilo kwenye karatasi kuliko kwenye kongoni, ambaye Tanzania ukimjeruhi akapotea utamlipia vile vile.